Nani anamdai mhusika wako? Kuandika usuli kwa ajili ya igizo la kundi

Katika makundi yanayoigiza hadithi kwa pamoja, iwe mezani kwa dadu na karatasi au kwa kuandikiana kwenye Discord na WhatsApp, kuna mhusika mmoja anayezaliwa upya kila mchezo unapoanza. Wazazi wake waliuawa akiwa mdogo. Kijiji chao kilichomwa moto. Amekua peke yake, hamwamini mtu, anatafuta kisasi. Aliyemwandika ametumia kurasa tatu na moyo wake wote, na mara nyingi msiba wenyewe ameueleza vizuri. Kisha mchezo unaanza. Wahusika wengine wanne wanaketi naye kando ya moto wa kambi, mmoja anamuuliza, "Mwenzetu, kwenu wapi?", naye anatazama pembeni. Hana la kusema, kwa sababu kila mtu ambaye angemtaja alikwisha kufa kabla hadithi haijaanza.

Wapo wanaolaumu msiba na kusema yatima wamezidi. Mimi sioni kwamba kosa liko hapo. Watu wa kweli hufiwa, hutekwa, hupoteza nyumba, na bado wana shangazi anayewauliza wataoa lini. Kinachomuua mhusika huyu ni kwamba usuli wake, yaani maisha yake ya kabla ya hadithi, umefunga milango yote. Hakuna anayemdai wala anayedaiwa naye. Hakuna anayeweza kutumiwa salamu, wala mahali ambapo angetamani kurudi au angeogopa kuonekana. Wenzake wanne waliokuja kucheza naye hawakuachiwa pa kushika.

Hapa ndipo usuli wa igizo unapoachana na usuli wa riwaya. Mwandishi wa riwaya ndiye anayeamua siku ambayo msomaji atajua kilichompata shujaa utotoni. Katika igizo la kundi huna mamlaka hayo. Yaliyopita yanatoka pale mwenzako anapouliza, anapogusa kidonda bila kujua, au msimamizi wa mchezo, yule anayeendesha hadithi, anapomleta ndugu yako mlangoni. Kwa hiyo usuli unaandikwa na mtu mmoja lakini unatumiwa na watu watano, na unapaswa kuandikwa kwa kuwafikiria hao watano.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Dungeons & Dragons, mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa, uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, haukudai usuli wowote. Ulikuwa umechipuka kutoka kwenye michezo ya vita ya wanajeshi wadogo wa kuchonga, na mhusika alikuwa namba sita zilizopatikana kwa kurusha dadu: nguvu, akili, na kadhalika. Historia yake ilianza pale alipoingia shimoni. Akitoka hai, basi ana la kusimulia. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1977, Marc Miller alitoa Traveller, mchezo wa safari za anga, na humo maisha ya nyuma yakapewa kanuni. Mhusika alianza akiwa na miaka 18, akahudumu jeshini au katika kazi nyingine kwa vipindi vya miaka minne minne, na kila kipindi kilimpa ujuzi na kumwongezea umri. Dadu zikimkataa, alikufa kabla mchezo haujaanza. Kanuni hiyo ni kali, lakini ndani yake kuna ukweli ambao waandishi wengi wa usuli wanausahau: ujuzi hulipiwa kwa miaka. Ukimwona mhusika wa miaka 19 ambaye ni tabibu, mpiga upanga na msemaji wa lugha tano, hesabu vipindi vya miaka minne minne, nawe utaona kwamba angehitaji kuwa na nywele nyeupe.

Baadaye mkazo ukahamia kwenye watu. Cyberpunk ya Mike Pondsmith, mwaka 1988, ilitumia dadu kumpatia mhusika marafiki, maadui na wapenzi wa zamani. Apocalypse World ya mwaka 2010 ikamtaka kila mchezaji, kabla ya kuanza, azungumze na wenzake kuhusu yaliyowahi kutokea kati ya wahusika wao. Toleo la tano la Dungeons & Dragons, la mwaka 2014, likatenga kwenye karatasi ya mhusika nafasi ya tabia zake, anachokiamini, kinachomfunga kwa watu au mahali, na udhaifu wake. Ukizitazama hatua hizo kwa pamoja utaona kwamba wabunifu waligundua jambo lilelile kila mmoja kwa njia yake. Tarehe na matukio pekee hayamfanyi mhusika achezeke. Uhusiano ndio unaomwingiza katika hadithi ya wenzake.

Kabla ya kuunda mtu wa kubuni, tumtazame mtu aliyeishi. Sidi Mubarak Bombay alizaliwa miongoni mwa Wayao, akatekwa utotoni, akauzwa Kilwa na kusafirishwa hadi Bara Hindi. Bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Zanzibar, akaingia katika jeshi la sultani. Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke walimchukua katika safari yao ya kutafuta maziwa makuu. Speke hakujua Kiswahili, lakini yeye na Bombay wote walijua Kihindustani, na kwa lugha hiyo walielewana. Bombay alisafiri tena na Speke na Grant mwaka 1860, akaenda na Stanley mwaka 1871, na mwaka 1873 akaondoka na Cameron katika safari iliyovuka bara mpaka pwani ya Atlantiki.

Utoto wa Bombay una msiba kuliko wa yatima wengi tunaowaandika. Ila msiba huo haukukaa kama jiwe kaburini. Lugha aliyojifunza utumwani ndiyo iliyompa kazi ya kuwa daraja kati ya wageni na wapagazi, na kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na kila mtu aliyefuata maishani mwake. Kila mahali alipopita palimwachia kitu mkononi au ulimini. Hiyo ndiyo alama ya usuli unaoaminika: unaweza kunyooshea kidole jambo analoweza kufanya leo, ukasema amelipata wapi, kwa nani, na kwa gharama gani.

Sasa tuunde mhusika hatua kwa hatua. Tuseme kundi la watu watano limekubaliana kuigiza msafara wa pembe za ndovu unaotoka Bagamoyo kwenda Ujiji mwaka 1873. Nimeuchagua mwaka huo kwa makusudi. Aprili 1872 dhoruba kubwa iliipiga Unguja na kuangusha mikarafuu kwa wingi, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa. Tangu 1871 Mirambo, mtawala wa Kinyamwezi, alikuwa akipigana na Waarabu wa Tabora, na njia ya kwenda ziwani haikuwa salama. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kuzuia usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao, ingawa utumwa wenyewe ulibaki halali Zanzibar hadi 1897. Mtu yeyote anayeshika njia ya bara mwaka huo anasukumwa na kimojawapo cha vitu hivyo. Kundi likikubaliana juu ya matukio ya namna hii kabla mtu hajaandika mhusika wake, nusu ya kazi imekwisha: kila usuli utakaoandikwa utakuwa umegusa dhoruba ileile, vita vilevile, soko lilelile.

Mchezaji wa kwanza anakuja na Salim. Rasimu yake inasema familia yote ilikufa katika dhoruba, Salim akabaki peke yake, akawa mwindaji wa tembo asiyejua hofu. Ni yatima wetu tena, safari hii kwa kilemba. Msimamizi mwenye hekima hamkatazi. Anamuuliza: kabla ya dhoruba mlikuwa mnaishi kwa nini? Baada yake, nani alikuja kugonga mlango?

Majibu yanaanza kutoka. Baba yake alikuwa na shamba la mikarafuu upande wa Bububu, na shamba hilo lilikuwa limewekwa rehani kwa mfanyabiashara wa Kihindi mjini. Dhoruba iliangusha miti, deni likabaki limesimama. Mkarafuu mpya huchukua miaka kadhaa kabla haujazaa, na mkopeshaji hawezi kungoja kiasi hicho. Kaka mkubwa anataka wahamie Pemba ambako miti ipo. Baba amekataa, na badala yake amechukua mkopo mwingine wa vitambaa vya merikani na kaniki pamoja na shanga, akamkabidhi mwanawe wa pili aende bara kutafuta pembe. Salim ana miaka 22. Anajua kusoma na kuandika kwa hati ya Kiarabu kwa sababu yeye ndiye aliyeshika daftari la shamba, kwa hiyo atahesabu mizigo ya msafara. Safari ndefu aliyowahi kutembea ni ya kutoka Bububu hadi mjini. Hajawahi kuona tembo.

Salim wa pili ana msiba mdogo kuliko wa kwanza, na ana watu wengi zaidi. Baba anasubiri, kaka anangoja ashindwe, mkopeshaji anahesabu miezi, na mgongoni mwa wapagazi kuna mali ambayo si yake. Akiibiwa robota moja la kitambaa njiani, mchezo umepata mwendo bila adui yeyote kutoka msituni. Hata kutojua kwake ni kwa kuaminika: mtu aliyelelewa na daftari hatajua kwa nini kirangozi, yaani kiongozi wa njia, anataka kupiga kambi mapema kabla ya kuingia Mgunda Mkali, kipande kile cha nchi kavu kilichoogopwa na misafara, na ujinga huo utawapa wahusika wengine nafasi ya kumfundisha, kumdharau au kumwokoa.

Kisha mchezaji huyu anafanya jambo ambalo kwa maoni yangu ni la thamani kuliko yote. Chini ya usuli wake anaandika: "Katika msafara huu yupo mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba letu. Sijaamua ni nani. Anayetaka aichukue." Mchezaji wa nne, anayemcheza askari aitwaye Feruzi, anaichukua. Anaeleza kwamba Feruzi alikuwa mtumwa wa shamba hilo, akaachwa huru kwa hati, lakini dada yake hakuachwa. Dada huyo aliuzwa baada ya dhoruba ili kulipa sehemu ya deni, miezi michache kabla soko halijafungwa. Na mauzo hayo yaliandikwa kwenye daftari.

Mchezaji wa Salim anasoma na kuelewa mara moja mkono ulioandika ni wa nani. Yeye peke yake asingeweza kulibuni hilo, na kama angelibuni, asingekuwa na haki ya kuliandika, kwa sababu kidonda ni cha Feruzi. Lakini kwa kuacha pengo moja lenye mipaka iliyo wazi, alimpa mwenzake nafasi ya kuweka kitu ambacho kitaibeba hadithi mpaka Ujiji.

Hapo tunafika kwenye sehemu inayowachanganya wengi, yaani tofauti kati ya kilichotokea, anachokiamini mhusika, na anachokisema. Watu huandika usuli kana kwamba mambo hayo ni kitu kimoja. Kwa Salim, kilichotokea ni kwamba baba yake alikuwa amezama kwenye madeni kabla hata ya dhoruba. Anachokiamini ni kwamba dhoruba ndiyo iliyowaharibia. Anachowaambia wenzake njiani ni kwamba baba amemtuma ajifunze biashara. Mhusika ambaye anajua ukweli wote kuhusu maisha yake na anausema wote ni kama hati ya mahakama. Ukiacha nafasi kati ya tabaka hizo, wenzako wanaweza kuingia: Feruzi ameliona shamba kwa jicho jingine, na siku moja atasema, "Bwana mdogo, nyumba yenu ilikuwa inauzwa vyombo tangu mwaka wa kabla ya upepo." Salim atakasirika kweli, na hasira hiyo haitahitaji kuandikwa mapema.

Siri nazo zieleweke vizuri. Wachezaji wengi huficha siri za wahusika wao hata kwa wachezaji wenzao, wakisubiri siku ya kuzifichua kwa kishindo. Siku hiyo mara nyingi haifiki. Mchezo unakatika, au siri inatoka wakati hakuna aliyejiandaa kuipokea, na mtu aliyeitunza kwa miezi anaachwa na unyonge. Waigizaji wa nchi za Skandinavia, ambao wamekuwa wakikutana tangu 1997 katika kongamano la Knutepunkt kujadili sanaa hii, wamezoea kufanya kinyume: katika maigizo yao mengi wachezaji wote wanajulishwa siri, ila wahusika hawazijui. Naunga mkono njia hiyo, hasa kwa makundi ya kuandikiana. Mchezaji wa Mwajuma, mhusika mwingine wa msafara wetu, akijua kwamba Feruzi anatafuta habari za dada yake, anaweza kumfanya Mwajuma ataje kwa bahati jina la dalali fulani wa Bagamoyo, na chumba kizima kitashika pumzi kwa sababu kila mchezaji anajua uzito wa jina hilo.

Huyo Mwajuma ni Mzaramo, anapika na kuuza vyakula msafarani. Wanawake walikuwamo katika misafara, na inafaa wawemo mezani pia. Mchezaji wake hakupata uhusiano wowote na kirangozi Maganga, Mnyamwezi anayeongoza njia, mpaka mtu alipokumbuka utani. Kati ya Wazaramo na Wanyamwezi upo utani, na historia yake inahusishwa sana na misafara hii hii. Sijui chombo kingine kilicho tayari kwa igizo la kundi kama hiki. Watani wanaruhusiwa kutukanana usoni, kunyang'anyana vitu vidogo, kuambiana ukweli ambao ndugu asingethubutu, na mmoja akifiwa, mwingine ana kazi yake msibani. Wahusika wawili wasiojuana hata kidogo wanapata haki na wajibu siku ya kwanza. Maganga anaweza kumwambia Mwajuma kwamba ugali wake unafaa kukandikia tembe, naye akamfichia kijiko. Lakini mpagazi akifa Ugogo na watu wakanyamaza kwa woga, ni Mwajuma atakayeruhusiwa kuwachekesha. Wanaoandika michezo yenye falme za kubuni na majoka wanaweza kuazima mpango huo huo kati ya koo zao, na utafanya kazi.

Ukoo, jando, somo aliyemfunda binti, mkwe ambaye huwezi kula naye, jirani aliyemlea mtoto wakati mama yuko shambani: jamii zetu zimejaa uhusiano wenye kanuni zinazojulikana. Inanisikitisha kuona vijana wenye utajiri huo wakiandika wahusika wanaotembea duniani kama hawakuzaliwa na mtu.

Undani wa mazingira nao unahitaji kiasi. Si lazima kujaza usuli kwa majina ya vitambaa. Chagua kitu kimoja au viwili vinavyobadilisha matendo. Mzigo wa mpagazi ulikuwa wa kilo 30 hivi; mhusika aliyeubeba kwa miaka mingi ana bega lenye sugu, anajua thamani ya posho kuliko bwana wa msafara, na hatamheshimu mtu anayelalamikia jua. Hongo, yaani ushuru wa kupita uliolipwa kwa watawala wa njiani, inamwambia mchezaji kwa nini Maganga anajua majina ya wakubwa wa Ugogo na tabia zao. Undani usiozaa tendo hata moja uache nje, hata kama umeusoma kwa bidii.

Kuna jambo ambalo haliwezi kuachwa katika mchezo wenye utumwa ndani yake, au vita, au ubakaji. Kabla ya kuandika, kaeni mkubaliane mambo gani yataonekana, yapi yatatajwa tu, na yapi hayatagusika. Vizazi vya watu waliouzwa na vya waliouza bado wanaishi pwani hii, wengine nyumba jirani, na huwezi kujua mchezaji mwenzako ametoka kwenye hadithi ipi. Usimwandikie mhusika wa mtu mwingine jeraha bila ridhaa yake. Mchezaji wa Salim hana ruhusa ya kuamua kwamba dada yake Feruzi alikufa. Hilo ni la mchezaji wa Feruzi. Na mtu akisema katikati ya mchezo kwamba hapa pamemzidi, mnaacha hapo, bila kumtaka ajieleze.

Kuhusu urefu, nina msimamo: maneno 150 yanatosha. Kwenye makundi ya simu watu hawasomi zaidi ya hapo, na mezani hawakumbuki zaidi ya hapo. Usuli wa Salim, ukiwekwa mbele ya wenzake, unaweza kusomeka hivi:

"Salim, miaka 22, mwana wa pili wa mwenye shamba la mikarafuu Bububu. Dhoruba ya mwaka jana ilituangushia miti. Baba amekopa bidhaa mjini, nami nimepewa nizipeleke Ujiji nirudi na pembe. Nisiporudi nazo, shamba linakwenda. Kaka yangu Nassor anaona baba amekosea kunichagua, na huenda ni kweli. Najua hesabu na kuandika, sijui njia. Naogopa kuonekana mjinga mbele ya wapagazi, kwa hiyo hutoa amri haraka mno. Nina barua ya baba niliyoambiwa nimpe mtu Tabora, sijaifungua. Katika msafara huu yupo mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba letu. Anayetaka aichukue."

Humo mna watu wanaoishi, deni, ujuzi mmoja na pengo lake, woga unaozaa tabia inayoonekana, na vitu viwili vilivyoachwa kwa wengine. Barua ni ya msimamizi: yeye ndiye atakayeamua imesema nini, na hata mchezaji wa Salim hatajua mpaka ifunguliwe. Sehemu ya shamba ilikuwa ya mchezaji yeyote, na tumeona nani aliichukua.

Mchezo ukishaanza, usuli unaendelea kuandikwa. Maganga akimuuliza Salim nani alimfundisha kuandika, na mchezaji akajibu papo hapo kwamba ni mama yake, basi jibu hilo limekuwa kweli na linaingia kwenye daftari la kundi. Ikitokea kilichosemwa mbele ya wote kinagongana na kilichoandikwa kwenye karatasi ambayo wenzake hawajaiona, kilichosemwa ndicho kinachosimama, na karatasi inarekebishwa usiku huo.